Maswali ya wasomaji: kodi ya makadirio, daftari la mauzo na mkopo wa halmashauri

Barua nyingi zilizotufikia katika miezi ya karibuni zinauliza mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyatenganisha: kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, na mikopo ambayo Serikali inaitoa kwa wafanyabiashara haohao. Mwandishi wa safu hii ameyashughulikia yote mawili kwa miaka kadhaa, na kila mara ameyakuta yakikutana mahali pamoja, kwenye daftari la mauzo. Kwa hiyo tumezijibu barua tano kwa pamoja. Yanayohusu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na mikopo ya halmashauri ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina utaratibu wake.

Nimekadiriwa mara mbili ya jirani yangu

*Mimi ni mama lishe wa Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka huu nimekadiriwa kodi ya shilingi 250,000, wakati jirani yangu, ambaye sufuria zake hazizidi zangu, analipa laki moja na ishirini na kitu. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba mwenzangu ana kumbukumbu. Mimi pia nina daftari ambalo naandika mauzo na manunuzi kila jioni, ila siku ya makadirio lilikuwa nyumbani na sikulitaja. Kwa wastani nauza shilingi 27,000 kwa siku, na nafanya kazi kama siku 300 kwa mwaka. Karatasi ya makadirio niliipokea wiki mbili zilizopita. Je, nimeonewa?*

Mama, kiwango ulichopewa kipo katika sheria, kwa hiyo aliyekukadiria hakukibuni. Hata hivyo, si kiwango kinachokufaa wewe mwenye daftari, na bado una muda wa kulisema hilo.

Mfanyabiashara ambaye ni mtu binafsi, si kampuni, na ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, hutozwa kodi ya makadirio. Kabla ya Julai 2019 utaratibu huu uliishia kwenye mauzo ya milioni 20. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi hii. Kuanzia hapo hadi milioni 11, sheria imeweka njia mbili, moja ya asiye na kumbukumbu na nyingine ya aliye nazo. Mwenye mauzo yanayozidi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu; kama anazo, hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo yanayozidi milioni 7 lakini hayazidi milioni 11 hulipa shilingi 250,000 kama hana kumbukumbu. Kama anazo, hulipa shilingi 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Sasa tuchukue hesabu yako. Shilingi 27,000 ukizidisha kwa siku 300 unapata 8,100,000. Kilichozidi milioni 7 ni 1,100,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 33,000. Ukijumlisha na ile 90,000, kodi yako ya mwaka ni shilingi 123,000. Hicho ndicho anacholipa jirani yako, na tofauti ya shilingi 127,000 kati yenu imetokana na daftari lililobaki nyumbani siku ile.

Sheria inampa mlipakodi siku 30 tangu apokee makadirio ili awasilishe pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Wewe umekwisha kutumia wiki mbili, kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda katika ofisi ya TRA ya eneo lako ukiwa na daftari lenyewe, bahasha ya risiti za manunuzi na, kama wateja wanakulipa kwa simu, taarifa ya miamala ya namba yako ya malipo. Eleza kwa ufupi kwamba unazo kumbukumbu na unaomba ukadiriwe kwa njia ya wenye kumbukumbu. Fahamu pia kwamba pingamizi huambatana na malipo: mlipakodi hutakiwa kwanza kulipa theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au ile sehemu ambayo yeye mwenyewe haibishii, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Theluthi ya 250,000 ni kama shilingi 83,000, na usichobishia ni 123,000, kwa hiyo hiyo ya pili ndiyo utakayotakiwa kuilipa. Kama huwezi kuilipa kwa mara moja, sheria inamruhusu Kamishna kupunguza au kusamehe sharti hilo kwa sababu za msingi, nawe uandike sababu zako katika barua hiyohiyo.

Naomba nikae kidogo kwenye daftari, kwa sababu nimeona mengi yaliyoandikwa kwa uaminifu lakini yasiyosomeka na mtu mwingine. Daftari la mama lishe mmoja niliyewahi kumsaidia lilikuwa na majina ya wadaiwa, bei ya mkaa, ada ya mtoto na namba za simu, vyote katika ukurasa mmoja. Yeye alikuwa akijua kila mstari una maana gani, lakini afisa aliyelifungua aliona fujo. Tulilianza upya kwa safu nne tu: tarehe, mauzo ya siku nzima, manunuzi ya siku hiyo, na maelezo mafupi kama vile «mchele kilo 20, risiti ipo» au «mvua, nimefunga saa saba». Madeni ya wateja yakahamia kwenye daftari lake, na matumizi ya nyumbani yakabaki nyumbani. Kila Jumamosi alijumlisha wiki, na kila mwisho wa mwezi alijumlisha mwezi kwa wino mwekundu. Kazi hiyo ilimchukua dakika kumi kila jioni.

Jambo la mwisho kwako: kodi hii hutozwa kwenye mauzo, wala haiangalii faida. Mkaa, mafuta na mchele havipunguzi mauzo ghafi, hata kama siku hiyo umepata hasara. Hata hivyo manunuzi yaandike, kwa sababu ndiyo yanayothibitisha kwamba mauzo uliyoyataja yanalingana na ukubwa wa biashara yako. Kodi ikishathibitishwa utailipa kwa awamu nne, yaani kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa TRA. Usimkabidhi mtu fedha taslimu mkononi.

Mkopo wa asilimia kumi na mtu anayetaka laki mbili

*Sisi ni vijana watano wa Makambako tunaoshona sare za shule. Mwanzoni mwa 2023 tuliandika barua ya kuomba mkopo wa halmashauri, mikopo ikasitishwa, tukakata tamaa. Sasa tunasikia imerudi. Kuna mtu anatuambia tukimpa shilingi 200,000 jina la kikundi chetu litapita. Mwenzetu mmoja naye anaogopa kwamba tukichukua mkopo tutakuwa tumejipeleka wenyewe kwenye kodi. Tufanye nini?*

Vijana wangu, fedha hizo msizitoe. Mkopo huu hauna riba, wala hauna dalali. Anayewaomba shilingi 200,000 ili jina lipite ama ni tapeli asiye na uwezo wowote juu ya orodha hiyo, ama ni mtumishi anayeomba rushwa, na kwa vyovyote vile mnaweza kumtolea taarifa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa kupiga namba 113 bila malipo. Najua mnaogopa kwamba mkimtaja mtakosa mkopo. Fikirini pia upande wa pili: kikundi kinachoanza kwa deni la rushwa kimekwisha kupunguza mtaji wake kabla cherehani haijanunuliwa, na mtu aliyelipwa mara moja hurudi siku ya mgao kudai tena.

Mikopo mnayoiulizia inatokana na kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018. Kabla ya hapo halmashauri zilikuwa zikitenga fedha hizi kwa maelekezo, na nyingine hazikutenga. Sheria sasa inailazimu kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliisitisha, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi ambazo hazikurejeshwa na vikundi hewa vilivyokuwepo kwenye karatasi tu. Utoaji ulianza tena mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya, na baadhi ya halmashauri ziliteuliwa kuutoa kwa majaribio kupitia benki.

Kwa hiyo barua yenu ya 2023 ihesabuni kuwa imekufa. Anzeni upya kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ndiye mlango wa kwanza, na atawaelekeza namna ya kujisajili na kutuma maombi kwenye mfumo wa kielektroniki unaotumika sasa. Katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo na andiko la mradi viwe tayari kabla hamjakwenda.

Kwenye andiko ndipo vikundi vingi vinapopoteza nafasi, kwa kuwa hunakili andiko la kikundi kingine na kubadilisha jina. Nyinyi mna kitu ambacho hakinakiliki. Andikeni mlishona sare ngapi Desemba na Januari iliyopita, mliuza kwa bei gani, kitambaa kiligharimu kiasi gani, na ni oda ngapi mlizikataa kwa kuwa cherehani zilikuwa chache. Hizo oda mlizozikataa ndizo sababu ya mkopo wenu, na kama mmeziandika kwa tarehe, hakuna atakayesema kwamba mmebuni. Elezeni vilevile kwamba biashara ya sare ina miezi ya neema na miezi ya kiangazi, mpendekeze marejesho yanayoendana nayo. Ni afadhali kuusema ukweli huo kabla ya kusaini mkataba kuliko kujitetea nao mwezi wa Mei, marejesho yakiwa yamekwama.

Mwenzenu mwenye hofu ya kodi mwambieni kwamba mkopo si mapato, ni deni, na hautozwi kodi ya mapato. Kinachotozwa ni kile ambacho biashara inaingiza, nacho kilikuwa kikitakiwa kutozwa hata kabla ya mkopo. Hofu yake naielewa, na watu wengi wenye bidii wanaiishi: wanabaki wadogo ili wasionekane, wanafanya kazi bila TIN (namba ya utambulisho wa mlipakodi), bila leseni, bila akaunti, kisha siku ya fursa hawana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba wamefanya kazi miaka sita. Ninawaomba msiishi hivyo.

TIN ya leseni ya udereva

*Nilichukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva. Sina biashara yoyote. Je, nadaiwa kodi? Msomaji, Morogoro.*

Hudaiwi, ilimradi TIN hiyo ilitolewa kama isiyo ya biashara na hujaanza kufanya biashara. Thibitisha jambo hilo katika ofisi ya TRA. Ukianza biashara, namba ni hiyohiyo. Unachofanya ni kwenda kuieleza TRA ili isajiliwe kwa shughuli hiyo, na siku ukiifunga biashara urudi kutoa taarifa. Wengi hufunga duka kimyakimya, na makadirio yanaendelea kuandikwa juu ya duka ambalo halipo.

Mauzo makubwa, faida nyembamba

*Nina duka la jumla Mwanza, nauza sukari, unga na mafuta ya kula. Kwa mwaka nauza kama shilingi milioni 90, lakini nikiondoa gharama zote kinachobaki hakifiki milioni 5, maana kwenye mfuko mmoja napata shilingi chache sana. Kodi ya makadirio inanimaliza. Baada ya mgomo wa Kariakoo tuliambiwa kodi zitabadilishwa. Kimebadilika nini? Na je, nikiandikisha kampuni nitapona?*

Ndugu yangu, umegusa mahali ambapo utaratibu huu unaumiza kweli, nami nalisema bila kusita. Kodi inayotozwa kwenye mauzo humchukulia muuza sukari na mwenye saluni kuwa sawa, ilhali kwenye shilingi mia zinazoingia mmoja hubakiwa na tano na mwingine hamsini. Kwa mauzo yanayozidi milioni 11 hadi milioni 100 ile njia ya asiye na kumbukumbu haipo, mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, ni lazima, na kiwango ni asilimia 3.5. Kwa mauzo yako kodi inafika takribani shilingi milioni 3, yaani zaidi ya nusu ya faida yako.

Lakini kuna mlango ambao wafanyabiashara wengi hawaujui. Kodi ya makadirio si kifungo: sheria inamruhusu mfanyabiashara binafsi kuchagua kutoka humo na kutozwa kwenye faida, kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi. Katika viwango hivyo, shilingi 3,240,000 za kwanza za mwaka hazitozwi kitu, na kinachofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8. Tuseme faida yako ni milioni 5 kamili. Kilichozidi 3,240,000 ni 1,760,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 140,800. Linganisha hiyo na zile milioni 3.

Usikimbilie ofisini kesho bila kusoma sehemu hii. Ukichagua kutozwa kwenye faida, ni juu yako kuithibitisha. Utahitaji hesabu zilizoandaliwa na mhasibu, ambaye naye analipwa, na utawasilisha ritani (fomu ya taarifa ya kodi) ya makadirio kufikia tarehe 31 Machi na ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha, yaani tarehe 30 Juni kwa wanaofuata mwaka wa kalenda. Kubwa zaidi, manunuzi yasiyo na risiti ya EFD hayatakubaliwa kama gharama. Mifuko 200 ya sukari uliyonunua bila risiti itahesabika kana kwamba uliiokota, na faida yako kwenye karatasi itapaa kuliko ile iliyo mfukoni. Kwa hiyo tumia miezi iliyobaki ya mwaka huu kudai risiti kwa kila mzigo, hata kama msambazaji atakununia, kisha kaa na mhasibu upige hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Kampuni ni jambo jingine. Kampuni haimo kabisa katika kodi ya makadirio. Hutozwa asilimia 30 ya faida, na haina zile shilingi 3,240,000 za mwanzo zisizotozwa. Kwenye faida ya milioni 5 hiyo ni shilingi milioni 1 na nusu. Kampuni ina faida zake, hasa kama una wabia au unatafuta zabuni, lakini kwa sababu uliyoitaja wewe sikushauri.

Kuhusu Kariakoo: wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu akakutana nao, na wakafunga tena Juni 2024. Katika Sheria ya Fedha ya 2023, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Hilo linakuhusu kwa sababu ukivuka milioni 100 utatoka kwenye makadirio upende usipende, lakini hutaingia VAT papo hapo. Mwaka 2024 Rais aliunda tume ya kuangalia maboresho ya kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue, na ilizinduliwa mwezi Oktoba. Kilio cha wenye faida nyembamba kinastahili kupata jibu katika maboresho hayo, nami nitaendelea kukiandika. Wakati huohuo, tumia mlango ambao tayari uko wazi.

Asilimia kumi ya pango ni ya nani?

*Nina saluni Arusha katika fremu ya kupanga. Nalipa shilingi 200,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Nimeambiwa nilipe asilimia 10 ya pango TRA. Mwenye nyumba anasema hiyo ni juu yangu, na akipunguziwa hata shilingi atanitoa.*

Dada, kodi hiyo si yako. Ni kodi ya zuio inayokatwa kwenye mapato ya mwenye nyumba, na sheria imekutumia wewe mpangaji mfanyabiashara kama mkono wa kuikata. Kwa miezi sita pango ni shilingi 1,200,000. Unazuia 120,000 na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi uliolipa, na mwenye nyumba unampa 1,080,000 pamoja na hati ya kodi iliyozuiwa. Hati hiyo ni mali kwake, kwa sababu kiasi hicho kinahesabika kwamba amekilipa yeye.

Ugumu wako naujua: sheria inakutaka umkate mtu aliyeshika funguo za fremu yako. Usipoikata, TRA wanaweza kukudai wewe hiyo 120,000, pamoja na riba, ingawa fedha yote umeshampa yeye. Kwa hiyo zungumza naye kabla ya mkupuo ujao, si siku ya kulipa. Mpelekee hesabu hii ikiwa imeandikwa, mwonyeshe kwamba jina lake na TIN yake ndivyo vitakavyokuwa kwenye hati, na kama bado hakubali, mwombe mfuatane hadi dawati la huduma kwa mlipakodi ili alisikie kwa afisa mwenyewe. Makubaliano mtakayofikia yaingie kwenye mkataba wa pango kwa sentensi moja inayotaja kiasi kabla ya kodi ya zuio na kiasi kitakachomfikia mkononi, kwa sababu ugomvi mwingi niliousuluhisha ulitokana na mkataba uliotaja «laki mbili» bila kusema ni laki mbili kabla ya makato au baada yake.